Mzee aliuliza maji yatatoka wapi, yataenda wapi

Mwalimu,

Pokea salamu kutoka mtaa wa Utawala, Nairobi. Nimesoma majibu yako mengi ya kuku na mboga za gunia. Leo nina swali la samaki, na nyuma yake kuna mambo ya nyumbani.

Baba yangu ana miaka 81. Alikuwa kibarua katika kituo cha kuzalisha samaki aina ya trauti cha Kiganjo, kule Nyeri, tangu ujana wake hadi alipochoka. Mama alipotuacha mwaka jana nilimleta mzee akae nasi hapa Nairobi. Hana ugonjwa wa kutaja, lakini anakaa tu. Asubuhi kiti kiko nje, jioni kiti kiko ndani. Kitu pekee kinachomfungua mdomo ni trauti. Akianza hadithi hizo, hata watoto huacha runinga wakamsogelea guka, yaani babu yao.

Nikaona nimchimbie bwawa la trauti. Ploti yetu ni futi 50 kwa 100 na nyuma ya nyumba kulikuwa na nafasi. Vijana wawili walichimba kwa siku tatu: mita 6 kwa 4, kina mita 1.2. Udongo ni huu mweusi wetu wa huku. Shimo liko hatua mbili hivi kutoka ukuta wa jirani. Fundi anataka tujenge kuta za mawe na simiti ndani ya shimo, halafu tuezeke mabati juu ili maji yabaki baridi. Maji ya kaunti huja siku mbili kwa wiki, kwa hiyo nitanunua kwa jirani mwenye kisima kirefu cha mashine.

Muuzaji wa vifaranga nilimpata kwa simu. Anasema anao trauti "waliozoea Nairobi", kwamba 300 wananitosha, na siku jua likizidi niwatupie barafu. Nilimtumia elfu 15 za kwanza. Sasa anataka salio kabla hajaleta samaki.

Mama Njeri hazungumzi nami vizuri tangu kamba zake za nguo zing'olewe. Anasema nimechimba kaburi la pesa, na tuna mtoto wa miaka mitatu anayekimbiakimbia hapo. Mzee mwenyewe, niliyedhani atafurahi, alikuja na mkongojo wake akasimama ukingoni. Akalitazama shimo kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Maji yatatoka wapi, yataenda wapi?" Nikamweleza habari ya kisima na mpira. Akaguna, akarudi kwenye kiti. Hajaliulizia tena.

Nyumbani, karibu na msitu wa Mlima Kenya, dada yangu anaishi kwenye shamba letu linalopakana na kijito. Nalitaja tu ujue hatukosi ardhi. Lakini mzee yuko hapa, na mimi nataka bwawa liwe hapa. Niambie linajengwa vipi, na kama nimekosea, nimekosea wapi.

Baba Njeri, Utawala

*

Baba Njeri,

Una fundi wa trauti ndani ya nyumba, tena wa maisha mazima, halafu ukaenda kununua ushauri kwa simu. Mzee hakuuliza swali la kupitisha wakati. Alikuonyesha kosa la shimo lako, na kwa adabu ya wazee akakuachia ulione mwenyewe. Trauti ni samaki wa maji yanayoingia upande huu na kutokea upande ule mchana na usiku, yakiwa baridi. Shimo la Utawala halina maji ya kuingia wala pa kutokea, na baridi yenyewe ni ya Julai tu.

Tuanze na joto, maana hapo ndipo muuzaji wako alipokuuzia hewa. Trauti hustawi maji yakiwa kati ya digrii 10 na 16. Yakipita 20 anaanza kukataa chakula, na yakikaribia 25 anakufa. Hao wa upinde wa mvua, wenye mstari wa waridi ubavuni, huvumilia joto kidogo kuliko ndugu zao wa kahawia, na nadhani uongo wa "waliozoea Nairobi" umeazimwa hapo. Kidogo hicho hakifikishi samaki Utawala mwezi wa Februari, jua likichoma mchana na maji yamesimama. Samaki huyu hata si wa kwetu. Walowezi walianza kumleta mwaka 1905 wakamtia katika mto Gura, milima ya Aberdare, na tangu hapo amebaki kwenye mito ya milimani. Miaka yote hiyo hajateremka kuzoea joto la tambarare, sembuse azoee kwa muuzaji wa simu.

Kuhusu barafu, nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Shimo lako likijaa litabeba lita 28,800. Kushusha joto la maji hayo kwa digrii moja tu kunataka karibu kilo 300 za barafu. Ukitaka kushuka kutoka 22 hadi 17, utahitaji tani moja na nusu, na kesho jua litachomoza tena. Mabati ya fundi yatazuia jua la moja kwa moja, sikatai, lakini kivuli hakipoozi maji kuliko hewa inayoyazunguka. Kisima cha jirani nacho hakitakusaidia. Maji ya chini sana hutoka na joto la ardhini, na kadiri kisima kinavyoenda chini ndivyo joto linavyozidi. Usiniamini mimi. Nunua kipimajoto cha maji, nenda kwa jirani, mwombe awashe pampu, ukinge ndoo na upime papo hapo.

Jambo la pili ni pumzi. Maji ya baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko ya joto. Kule pwani, maji ya digrii 10 yanaweza kubeba kama miligramu 11 kwa lita, na ya digrii 20 kama 9. Huku kwetu tuko juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo ondoa karibu sehemu moja ya sita: hizo 9 zinakuwa saba na nusu hivi. Trauti hataki zishuke chini ya 6 hata saa moja. Bwawa lililosimama hushuka kila alfajiri, kwa sababu ule ukijani wa majini unaotengeneza oksijeni mchana huivuta usiku pamoja na samaki. Ndiyo maana samaki wengi wa mabwawani hufa kabla ya mapambazuko, mwenye bwawa akaamka kuwakuta wameelea. Utaniambia utaweka pampu ya hewa. Sawa. Na stima ikipotea saa nane za usiku?

Wafugaji wa trauti wana kipimo chao: lita moja ya maji mapya kwa dakika kwa kila kilo ya samaki, kama hakuna mashine ya hewa. Samaki 300 wakifika gramu 250 kila mmoja, ambayo ni saizi ya sahani, wanakuwa kilo 75. Hizo ni lita 75 kila dakika, yaani lita 108,000 kwa siku. Ni matangi kumi ya lita elfu 10, na bado yanapungua. Jirani akikuuzia maji hayo, mwisho wa mwezi atakuwa amenunua ploti yako. "Yataenda wapi?" ndiyo nusu ya pili ya swali la mzee. Maji hayo yote yakimwagika nyuma ya nyumba Utawala, mtaa mzima utakuja kukuona.

Nisijifanye mwerevu sana. Miaka ya nyuma, nikiwa bado nafundisha, nilitia trauti ishirini kwenye pipa la plastiki kule Nyeri ili niwapeleke Kikuyu. Nililifunika kwa magunia yaliyoloa, nikajiona nimemaliza. Tulipofika Makutano walikuwa wamepanda juu, midomo inafunguka na kufunga kwa pamoja kama watu wanaokariri somo kimyakimya. Karibu na Thika nilimwomba dereva asimame. Sikuwa hata na karatasi ya idara ya uvuvi ya kusafirisha samaki hai. Basi, kama mtu mmoja aliua ishirini kwa safari ya asubuhi moja, usimtumie muuzaji wako salio.

Mwambie hivi: salio litatoka mkononi mwako, ukiwa umesimama kwenye bwawa lake, ukiwa umepima maji yake kwa kipimajoto chako na kuona cheti cha kituo alikowatoa. Kifaranga wa trauti anajulikana. Ubavuni ana madoa ya mviringo yaliyopangana kama mtu aliyemgusa kwa vidole vyenye masizi, na mgongoni, kati ya pezi kubwa na mkia, ana kipezi kidogo laini kisicho na miiba. Tilapia hana kipezi hicho. Zaidi ya hapo, huna haja ya kubishana na muuzaji, mwenye jicho la kuwatambua yuko kwenye kiti nje. Akikataa kukuonyesha, mdai elfu 15 zako kwa maandishi, na uhifadhi jumbe zote za simu na za malipo.

Sasa shimo. Usilifukie lote, lakini usijenge kuta za mawe ndani yake. Udongo mweusi wa Utawala, Ruai na kuelekea Athi River hunywa maji ukavimba, na kiangazi husinyaa ukapasuka nyufa za kuingia mkono. Simiti iliyoketi juu ya udongo kama huo hupasuka nao. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni huo ukuta wa jirani. Hatua mbili ni karibu mno, bwawa likivuja hapo udongo utavimba na kuusukuma. Fukia upande wa ukutani ubaki na angalau mita tatu za nchi kavu, ongeza urefu upande wa ndani kama nafasi ipo, na uhakikishe hukaribii shimo la choo. Kingo zisiwe wima. Ziache zilale, kwa kila mita moja ya kina uende mita moja na nusu nje. Tandaza udongo laini wa marram ulioshindiliwa, ondoa kila jiwe na mzizi, ndipo utandike karatasi nene ya bwawa, ile mafundi huiita laina, ikiwa kipande kimoja. Upande mmoja kina kiwe sentimita 80 na mwingine mita 1.2. Weka bomba la kumwagia maji yanayozidi, lenye wavu mdomoni, lielekee kwenye sukuma na managu.

Kabla ya tone la kwanza la maji, weka uzio na mlango wenye kufuli. Hapo Mama Njeri yuko sahihi, sina la kuongeza. Na kamba zake za nguo zirudishwe wiki hii, kabla ya laina, kabla ya kila kitu.

Ndani ya bwawa hilo weka tilapia, madume watupu, vinginevyo watazaana hadi uwe na dagaa. Kipimo cha kawaida kwa bwawa lisilo na mashine ni samaki watatu kwa kila mita mraba. Ndicho walichotumia serikali walipochimba mabwawa ya mita mraba 300 mwaka 2009 na kuweka vifaranga 1,000 kila moja. Eneo la maji likibaki mita mraba 24, weka 70. Najua ulikuwa na 300 kichwani. Sabini. Tilapia hupenda digrii 26 hadi 30, kwa hiyo hata Nairobi anajikunyata kidogo na atakua polepole kuliko kule Kisumu. Mabati ya fundi, basi, yaezeke kwingine. Jua unalolikimbia kwa ajili ya trauti ndilo unalolitafuta kwa tilapia. Juu tandika wavu tu, maana ndege kama mdiria na fundichuma watajua una samaki kabla ya majirani.

Maji ya kaunti yana klorini na huua vifaranga. Yaache kwenye bwawa siku kadhaa yakipigwa na jua na upepo kabla ya kuleta samaki, na baadaye ukijaziliza, jaziliza kidogo kidogo. Walishe saa nne asubuhi na saa tisa alasiri maji yakiwa yamepata joto, chakula kinachoelea, kiasi wanachomaliza kwa robo saa. Samaki 70 wa gramu 100 wana uzito wa kilo 7, na asilimia 3 yake ni gramu 210 kwa siku, vikombe viwili hivi vya chai. Asubuhi za Julai zenye ukungu, ukiona hawaji juu, usiwamwagie. Chakula kisicholiwa huoza na kula oksijeni yao. Kazi hii mpe mzee. Mpe na kipimajoto pia, na daftari.

Kuhusu trauti wenyewe, ulilitaja shamba la nyumbani kana kwamba halihusiki. Kule ndiko. Mwambie dada yako achukue debe la lita 20, akinge maji kutoka kwenye kijito kwa bomba, ahesabu sekunde. Likijaa kwa sekunde 16, mna lita 75 kwa dakika. Apime wakati wa kiangazi, kwa sababu mvua humfanya kila mtu kuwa na mto. Na apime joto saa tisa mchana. Maji yakibaki chini ya digrii 17 siku ya jua, hapo tuna la kuzungumza.

Bwawa la trauti halifanani na shimo lako hata kidogo. Ni mtaro mrefu mwembamba. Kwa kuanzia, mita 5 kwa 1 na kina cha sentimita 70 kinatosha samaki 100. Maji yaingie kutoka juu, yaanguke kama sentimita 30 au zaidi ili yajichanganye na hewa. Hiyo ndiyo pampu yenu, na haitaki tokeni za stima. Mlango wa kuingia uwe na wavu wa kuzuia majani, wa kutokea uwe na wavu wa kuzuia samaki. Chini yake chimbeni shimo la kutuliza tope kabla maji hayajarudi kijitoni, na msiruhusu trauti hata mmoja aponyoke, ni mla nyama na humaliza samaki wadogo wa asili. Kuchepusha maji ya kijito kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na ofisi ya uvuvi ya kaunti ijue mnachofanya. Vifaranga mtatoa Kiganjo kwenyewe, kituo kilichoanzishwa mwaka 1948, na njia ni fupi kiasi kwamba hata mimi huenda ningewafikisha hai. Chakula chao kina protini ya asilimia 40 na zaidi, na bei yake utaisikia. Usimwache dada yako awape cha kuku.

Lakini usianze na debe wala kibali. Jumamosi moja mtie mzee kwenye gari asubuhi, mwende polepole, mfike kijitoni. Mpe kiti. Usimwambie umepanga nini, mwache ayaangalie maji. Mkirudi, nunueni trauti wawili wa barafu kwa ajili ya Mama Njeri, wakaangwe na limau. Nadhani atahitaji kuona angalau faida moja ya jambo hili.

Na njiani mwulize kitu kimoja kwa niaba yangu. Trauti hatagi kwenye bwawa lililosimama, kwa hiyo vituoni humkamua jike mayai kwenye beseni, wakamkamua dume juu yake, halafu mchanganyiko hukorogwa kwa unyoya ili mayai yasipasuke. Hilo nililisoma, sijaliona. Mwulize wao Kiganjo walitumia unyoya wa ndege gani.